Walioniambia "jikaze": uzi kuhusu maumivu, wafariji na msamaha

#1 Mleta uzi

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aupitie akipata nafasi. Nimeuandika na kuufuta mara nyingi, leo naupandisha ulivyo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Anayeonekana ni mmoja, wa kiume. Wa kwanza alizaliwa Julai 2019 hapa Morogoro, wiki ya 36, akiwa ameshafia tumboni. Wa kike, kilo mbili na gramu mia nne.

Kifo chenyewe hakina mtu wa kulaumiwa. Presha ilipanda ghafla, kondo la nyuma likaachia kabla ya wakati, tukachelewa kwa saa chache. Daktari alinieleza taratibu, nikaelewa. Kilichonikalia rohoni kwa miaka ni maneno yaliyosemwa baadaye, na watu waliokuja kunifariji wakaniacha nimeumia kuliko walivyonikuta. Makanisani tunafundishwa sana kumsamehe adui. Mfariji aliyekuumiza, tena mtu wa kwenu kabisa aliyekuja na kuku wa supu mkononi, sijawahi kusikia mahubiri yanayomhusu.

Niwaeleze ilivyokuwa.

Mtoto alizikwa mimi nikiwa bado wodini. Walikwenda mume wangu, jirani mmoja na mzee wa mtaa. Kwa mila zetu mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Hakukuwa na turubai, viti vya kukodi wala daftari la rambirambi. Kabla ya hapo nilikuwa sijui turubai lina kazi gani zaidi ya kuzuia jua. Likikosekana, watu hawajui wakae wapi na huzuni yako. Walikuja wawili watatu, wakakaa ukingoni mwa kochi kama wanaosubiri basi, wakasema neno moja, halafu mazungumzo yakahamia bei ya mahindi.

Siku ya tatu maziwa yakajaa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatakuja. Mwili unakuwa haujapata habari kwamba mtoto hayupo, unaandaa chakula chake vilevile. Niliamka saa tisa usiku gauni limelowa kifuani, nikakaa kitandani naangalia lile doa linavyopanuka. Mama yangu alikuwa amelala na mimi chumbani. Akaamka, akachukua khanga, akanifunga kifua kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, akasema, "Jikaze mwanangu. Wewe siyo wa kwanza." Akazima taa.

Ile taa niiachie hapo, nitairudia.

Maneno ya wageni mnayajua, wengi wenu mmeshayasema na mimi nimeshayasema kwenye misiba ya wenzangu. Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Bora ameondoka kabla hujamzoea. Bado kijana, utazaa mwingine. Shukuru wewe umepona. Mengine ni kweli kabisa, kwa mfano kweli nilizaa mwingine. Ila nilikuja kugundua kwamba yote yalikuwa yanafanya kazi moja, kufunga mazungumzo. Ukishaambiwa kazi ya Mungu haina makosa unajibu nini? Unajibu "amina", na mgeni anashusha pumzi kwa sababu yeye sasa amepona.

Mtaani walikuwa wameshazoea kuniita mama kijacho. Ghafla hawakujua waniite nini. Dada wa genge aliyekuwa akinichagulia ndimu nzuri akawa ananipimia vitu huku macho yake yako kwenye mizani.

Halafu shangazi wa mume wangu. Huyu aliyasema kwa watu, yakanifikia baada ya wiki mbili: kwamba mimba nimeiua mwenyewe kwa kupanda bodaboda kwenda kazini, na kwamba mwanamke anayependa mshahara kuliko kizazi Mungu humwonyesha. Ni kweli nilipanda bodaboda mpaka mwezi wa tano. Daktari alisema haikuhusiana. Lakini usiku nikawa nazihesabu zile safari moja moja, ile ya siku ya mvua, ile tuliyoruka tuta pale karibu na stendi. Mtu mmoja kwa sentensi moja alinipa kazi ya kufanya kila usiku kwa miaka mitatu.

Katikati ya hao wote alikuja mwenzangu wa kwaya.

Jumamosi kabla ya kwenda hospitali nilikuwa nimefua nguo za mtoto nikazianika uani. Zikabaki kwenye kamba siku tisa. Watu wa nyumbani walizipita kila walipokwenda chooni, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Huyu dada alipofika hakuingia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, nikamwona dirishani anatoa vibanio. Akaja nazo mikononi, akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu, akaanza kuzikunja juu ya mapaja yake. Vesti. Soksi. Kofia ya njano ya kufuma. Nepi za kitambaa sita. Kila moja aliinyoosha kwa kiganja kwanza. Hakusema kitu labda robo saa nzima. Alipomaliza akaniuliza, "Ulikuwa umempa jina?"

Nikamwambia, Tumsifu.

Akasema, "Pole, Mama Tumsifu." Akaenda jikoni kukoroga uji.

Ndiyo mara ya kwanza nililia kwa sauti tangu hospitali.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Baada ya hapo nikaanza kusoma Biblia kama mtu anayetafuta ndugu zake kwenye umati. Nikawakuta.

Marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya, lakini someni mwisho wa sura ya pili. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini mavumbini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hizo siku saba walikuwa wafariji bora kuliko wote niliowahi kusoma habari zao. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Ndipo Ayubu akawaambia, katika sura ya 16, kwamba wao ni "wafariji wenye kutaabisha".

Nikamkuta Hana, 1 Samweli sura ya kwanza. Penina anamchokoza mwaka hadi mwaka. Elkana, mume anayempenda kwa dhati, anamwuliza, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Yaani mwanamke analia kwa ajili ya mtoto, na mwanaume anauliza habari za nafsi yake. Kisha kuhani Eli anamwona midomo inacheza bila sauti, anamwambia aache ulevi. Mchokozi, mpenzi na mtumishi wa Mungu, na wote watatu hawakumwelewa. Ila Eli namheshimu kwa jambo moja: Hana alipomweleza, aligeuka palepale, akambariki. Hakujitetea.

Nikamkuta na Tamari, 2 Samweli 13. Amebakwa na ndugu yake Amnoni, amejitia majivu kichwani, na Absalomu anamwambia anyamaze kwa sababu huyo ni ndugu yake, asilitie moyoni. Daudi baba yake akakasirika sana, na andiko halisemi kwamba alifanya lolote zaidi ya kukasirika. Tamari akakaa katika ukiwa. Ile "ni ndugu yako" niliisoma nikafunga kitabu, maana hiyo sauti naijua. Kila familia inayo.

Mimi niliisikia Desemba ile ile ya 2019 tulipopanda Moshi kwa Krismasi. Mzee wa ukoo aliitisha kikao kwa kuwa maneno ya bodaboda yalikuwa yameshafika kila nyumba. Tukakaa. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mikono kwenye mapaja. Mzee akaleta jani la sale.

Kwa wasio Wachagga: sale ni ule mmea wa majani marefu unaoona kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya ukoo, na makaburini. Mtu akikukosea akakuletea sale, hukatai. Ni jambo zito. Babu yangu alinifundisha nikiwa mdogo kwamba mwenye kuleta sale ni yule aliyekosa, na analeta akijua anachoombea.

Siku ile lililetwa na mzee, kwa niaba. Shangazi hakufungua mdomo. Kosa lenyewe halikutajwa, ilisemwa tu kwamba "kumekuwa na maneno". Mzee wa kanisa aliyekuwepo akanisomea saba mara sabini. Nikapokea jani, nikatoa mkono, tukaimba pambio, tukala. Usiku ule nilitapika. Na kuanzia hapo kila nilipoonekana sina raha niliambiwa, "si ulishasamehe?"

Miaka miwili nilikuwa siwezi kukaa karibu na watu wa ukoo ule bila kichwa kuuma, na kila Jumapili ya Chakula cha Bwana nilijiuliza kama nimestahili kuiendea meza.

#3 Mdau wa Arusha

Pole sana dada. Nimesoma mwanzo mwisho. Ila nikukumbushe kwa upendo: Mkristo hatakiwi kuomboleza kama wasio na matumaini, 1 Wathesalonike 4:13. Na Mathayo 5 inasema ukiwa na jambo na ndugu yako acha sadaka madhabahuni nenda ukapatane. Naona kama umebeba kitu ambacho ungekitua msalabani siku ya kwanza.

#4 Mleta uzi

Asante kaka, sijakasirika, haya yote niliambiwa na watu wanaonipenda. Lakini tuyasome vizuri.

Paulo hakusema msihuzunike. Alisema msihuzunike kama wasio na matumaini. Kuna huzuni ya mwenye matumaini, nayo ina machozi. Yesu alipofika Bethania alijua kabisa atakachofanya kaburini, Lazaro angetoka muda si mrefu. Akalia machozi. Hakumwambia Mariamu "nyamaza, dakika chache tu". Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "usijali, nina mpango" ni yeye, na hakuisema kwa namna ya kumfunga mdomo.

Mathayo 5:23 naomba uifungue tena. Imeandikwa ukikumbuka kwamba "ndugu yako ana neno juu yako". Yeye ana neno juu yako wewe. Anayeambiwa aache sadaka aondoke ni aliyekosa, siyo aliyekosewa! Mara ngapi tumewasomea andiko hili watu waliopigwa, waliodhulumiwa, waliosingiziwa, tukawatuma wao ndio waende? Sikatai msamaha. Nakataa kubebeshwa safari ya mtu mwingine.

#5 Mdau wa Mbeya

Hapo kwenye Mathayo umenifungua macho. Lakini usisahau Marko 11:25, "sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu". Hiyo anaambiwa aliyekosewa, tena akiwa amesimama anaomba. Na Mathayo 6 iko wazi kwamba tusiposamehe na sisi hatusamehewi. Je, unamsubiri shangazi aje kwanza?

#6 Mleta uzi

Hapa umenibana na ni haki. Hapana, sikumsubiri. Andiko la Marko halina masharti na sitalizunguka.

Kilichonisaidia ni mfano wa mdeni, Mathayo 18: mtumwa aliyesamehewa na bwana wake talanta elfu kumi, kisha akamkaba mtumwa mwenzake aliyekuwa akidaiwa naye dinari mia. Nilizoea kuhubiriwa kwamba deni la yule mtumwa wa pili lilikuwa dogo, senti tu. Siyo kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku wa kibarua. Dinari mia ni siku mia za kazi. Kwa kibarua anayelipwa elfu kumi leo, hiyo ni milioni moja taslimu. Nani kati yetu anadaiwa milioni akaita senti? Talanta elfu kumi, kila moja dinari elfu sita, zinafika bilioni 600 kwa hesabu hiyo hiyo. Naam, nimesamehewa bilioni 600, nalijua hilo kila nikipiga magoti. Lakini Yesu aliitaja milioni yangu kwa tarakimu. Hakusema haipo. Mwenye kusamehe deni lazima kwanza deni lijulikane ni shilingi ngapi. Kule Moshi niliombwa nisamehe deni ambalo kila mtu chumbani alikuwa anajifanya halipo.

Nikarudi kwa Ayubu, sura ya mwisho. Mungu anamwambia Elifazi waziwazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Anawataja. Anawapangia mafahali saba na kondoo waume saba. Baada ya hapo ndipo Ayubu anawaombea, na andiko linasema Bwana aliugeuza uteka wake hapo alipowaombea rafiki zake. Msamaha wa kuwasamehe wafariji wabovu uko kwenye Biblia, wapendwa, na umetanguliwa na Mungu mwenyewe kusema: hawa walikosea, na wewe uliyelia ulisema kweli.

Kwa hiyo usiku mmoja mwaka 2022 niliandika kwenye daftari kila neno nililoambiwa na aliyelisema. Kurasa tatu. Nikaanza kuyaombea moja moja, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hayafanani. Karibu yote yalikuwa ya watu wasiojua. Walikuwa na hofu, mdomo ukatafuta neno, ukalikuta lile lililozoeleka. Hao niliweza kuwasamehe kwa maneno ya msalabani, hawajui watendalo, na nilisamehe nikiwa na haya kidogo, kwa kuwa na mimi nimewahi kumwambia jirani aliyefiwa "bora amepumzika".

La shangazi lilikuwa peke yake. Lile lilikuwa uongo juu yangu. Na la mama yangu nalo lilikuwa peke yake kwa sababu nyingine.

#7 Mdau wa Dodoma

Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Unachosema kuhusu kusamehe bila kuficha kosa kimenikumbusha Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya uaskofu alifundisha huku kwetu Dodoma. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda, na serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe walitoroka usiku wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huo huo akaueleza ulimwengu kwamba anampenda Idi Amin na amemsamehe. Sisi watu wa uamsho, yaani ule uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, tulijadili sana jambo hilo. Wengine walidhani amelegea. Lakini angalia alichofanya: aliendelea kuzunguka akiwaeleza watu yanayotendeka Uganda, nani ameuawa na vipi. Hakuwahi kuikubali ile habari ya ajali ili msamaha wake uonekane mtamu. Watu wa uamsho husema tutembee nuruni. Kwenye nuru vitu vinaonekana.

#8 Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, na asante sana. "Hakuikubali ile habari ya ajali" nimeliandika kwenye lile daftari.

Sasa niwaeleze habari ya taa.

Mama alikuja kunisaidia nilipojifungua wa pili mwaka 2021, na mwaka uliofuata akarudi. Siku moja tunamenya ndizi za mtori uani, mtoto amelala, nikamwuliza bila kupanga. "Mama, usiku ule maziwa yalipokuja, kwa nini ulizima taa?"

Akaendelea kumenya. Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia kwenye maji, akafuta utomvu mikononi kwa mafuta. Akasema, "Ili usinione."

Nikamwuliza nisikuone nini. Akasema, "Nilikuwa nalia. Ningekulilia wewe nani angekushika?"

Miaka mitatu nilikuwa na kinyongo na swichi ya taa. Mama alilelewa kwamba mkubwa halii mbele ya mgonjwa, na akanipa kilichokuwepo kwenye ghala lake: khanga na neno "jikaze". Na hata lile la "wewe siyo wa kwanza" ni kweli tupu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 pekee watoto takriban milioni 1.9 duniani walizaliwa wamekufa, wakihesabiwa kuanzia wiki ya 28. Mama hana takwimu hizo, ana za kijijini kwake. Alitaka kuniambia kwamba wanawake huvuka. Mimi nilisikia kwamba wangu hana uzito. Kumsamehe mama kulinichukua muda wa kufikisha sufuria jikoni.

Shangazi ilikuwa kazi. Nilifuata Mathayo 18:15, nikaenda mwenyewe, bila mume, bila mzee wa kanisa. Nikamkuta anachambua maharage barazani. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia: "Shangazi, ulisema niliua mtoto wangu kwa bodaboda. Siyo kweli, na daktari alisema siyo kweli. Iliniumiza kila siku. Nimekuja ulijue hilo kutoka kwangu, na ujue nimekusamehe."

Akasema, "Watu wanaongezaga maneno." Akaendelea na maharage. Nikamsaidia kuchambua mpaka yakaisha, nikaaga.

Hakuomba radhi mpaka leo. Kwa hiyo hatujapatana, maana kupatana kunataka watu wawili. Lakini nimemsamehe, na najua kwa kitu kimoja: sizihesabu tena zile safari. Mwaka jana alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho nilimwombea kwa jina na nilimtakia aone, kwa moyo wote. Mwanangu halali kwake. Nikiulizwa nitasema sababu bila hasira.

#9 Mdau wa Mwanza

Mume wako je? Kwenye misiba ya namna hii sisi wanaume hatuulizwi kitu.

#10 Mleta uzi

Umegusa penyewe. Watu walikuwa wakimwuliza "mama anaendeleaje?", basi. Yeye ndiye aliyepakata lile boksi siti ya nyuma ya gari la jirani hadi makaburini. Ndiye pekee kwenye ukoo wetu aliyemwona uso akiwa ametulia, mimi nilimwona dakika chache nikiwa na dripu. Ijumaa alizika, Jumatatu akarudi kazini, kazini wakampa pole mlangoni na faili mezani.

Miezi miwili baadaye ndipo aliponipeleka. Nilikuta amepanda sale pembeni ya kaburi, lilitoka kihambani kwao, alilibeba kwenye basi limefungwa kwenye gazeti lenye maji. Sikujua kama alisafiri. Sikuwa nimemwuliza hata mara moja anajisikiaje. Kwa hiyo kwenye orodha ya wafariji wabovu na mimi nimo, nilimwomba anisamehe, palepale tumesimama.

#11 Mdau mpya

Samahani naingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mke wangu mimba yake imetoka wiki mbili zilizopita, miezi saba. Tangu hapo nikiingia ndani ananyamaza. Nimemwambia tutapata mwingine, nimemletea matunda, nimemwambia asamehe manesi na ndugu waliosema maneno. Anageukia ukutani. Nafanyaje?

#12 Mleta uzi

Pole sana kaka yangu. Pole kwako wewe kwanza, kabla ya kwake.

Habari ya kusamehe iache kwa sasa. Itakuja, na itakuja na Roho wa Mungu, siyo na ratiba yako. Kama kuna mtu aliyemsema vibaya, simama wewe umwambie mtu huyo, mkeo asisikie kwamba yuko peke yake vitani.

Leo ukirudi usiende na tunda. Mchemshie maji ya kuoga. Angalia kama maziwa yanamsumbua, yanaweza kuja hata mimba ikiwa ya miezi hiyo. Asifungwe kwa nguvu kama nilivyofungwa mimi, avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, na akipata homa au titi likawa jekundu na kuuma mpeleke kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Kama kuna nguo mlizonunua, usizifiche bila kumwuliza.

Halafu kaa chini. Usikae ukingoni. Kama machozi yanakuja yaache aone. Mwulize kama alikuwa amempa jina. Akikujibu, usiongeze kitu. Likitajwa, litaje na wewe.

#13 Mdau mpya

Nimefanya jana usiku. Tulikaa sakafuni mpaka saa nane. Alikuwa na jina tangu mwezi wa nne, alikuwa akimwita akiwa peke yake jikoni. Mimi nilikuwa sijui.